Uzoefu Mnaoudai Uko Mezani Kwenu

Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za rasilimali watu na utawala katika kampuni, mashirika na taasisi za Tanzania

Ndugu zangu wakuu wa idara,



Swali la usaili lilikuwa jepesi. Watu watatu walikaa upande wa pili wa meza. Mimi nilikuwa nimevaa suti ya kuazima kwa dada yangu, na cheti changu cha shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali watu kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki niliyoishika mapajani. Baba mmoja wa makamo akaniuliza: "Mfanyakazi wako hajaonekana kazini siku sita. Kesho asubuhi unaingia ofisini. Unafanya nini?"

Nikaanza na Maslow. Nilipanda naye ngazi za mahitaji ya binadamu moja baada ya nyingine, nikaingia kwenye motisha, nikamalizia na utamaduni wa taasisi. Nilizungumza dakika nne au tano bila kukwama. Yule baba alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake, akasema, "Asante binti, tutakupigia." Hawakunipigia.

Leo ningemjibu kwa maneno machache. Ningempigia simu huyo mfanyakazi. Asipopokea, ningefungua jalada lake nitafute namba ya ndugu wa karibu. Ningemuuliza msimamizi wake na wenzake wa zamu, maana mara nyingi wao ndio wanaojua kwamba mtu amelazwa Muhimbili au amekwenda kuzika Kahama na simu imemzimikia njiani. Nikikosa habari, ningemwandikia barua kwa anwani aliyoiacha na nakala ningeihifadhi kwenye jalada. Hapo ndipo ningeanza kufikiria shauri la nidhamu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinahesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Lakini kanuni hizo hizo zinataka asikilizwe kwanza.

Jibu hilo sikulipata darasani. Nilifundishwa na mama mmoja wa masjala mwenye elimu ya kidato cha nne, katika shirika nililokuwa najitolea, na ndiyo sababu nawaandikia. Sasa mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Natangaza nafasi, nachuja maombi, nakaa kwenye usaili upande ule wa meza aliokaa yule baba. Nimeona pande zote mbili, na nimejiridhisha kwamba mlango ambao vijana wa fani yetu wanaugonga umefungwa na sisi wenyewe.

Nilikwenda kusoma uzamili kwa sababu sikuwa na kazi. Nasema hivyo wazi kwa kuwa wengi wetu tulikwenda kwa sababu hiyo hiyo na tunaona haya kuitamka. Nilimaliza shahada ya kwanza nikarudi nyumbani Singida, nikatuma maombi mwaka mzima. Kila tangazo lilitaka uzoefu. Mjomba akasema niongeze elimu, kwamba karatasi ya pili itafungua pale ya kwanza iliposhindwa. Baba akauza alizeti ya msimu mzima kabla bei haijapanda, mama akakopa kwenye kikoba chake, nikarudi chuoni. Miaka miwili baadaye nilikuwa na vyeti viwili na pengo lile lile. Matangazo ya nafasi za kuanzia yalisema nimezidi sifa, na ya nafasi za juu yalitaka uzoefu wa miaka mitano. Upande wa serikali, muundo wa utumishi wa kada yetu humpokea mwenye shahada ya kwanza katika Daraja la II, na mwenye uzamili asiye na uzoefu anapanga foleni kwenye mlango huo huo, kupitia Ajira Portal, pamoja na wadogo zake.

Sitaki mtu aelewe kwamba naidharau elimu niliyopewa. Tulisoma Frederick Taylor na kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu usimamizi wa kisayansi. Tulisoma majaribio ya kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kati ya mwaka 1924 na 1932, ambako watafiti walikwenda kupima mwanga wa taa wakaishia kujifunza jinsi mfanyakazi anavyobadilika akiona anaangaliwa na kujaliwa. Elimu hiyo imenisaidia, na nitawapa mfano mmoja. Kiwandani kwetu vijana wa kufungasha bidhaa walikuwa wanaacha kazi kwa wingi katika mwezi wao wa pili kazini. Wasimamizi walisema vijana wa siku hizi ni wavivu. Nilifanya kile tasnifu ilichonizoesha kufanya: nikakusanya tarehe za kuanza, tarehe za kuacha na tarehe za kulipwa kwa mara ya kwanza, nikazipanga. Ikaonekana fomu zao za benki zilikuwa zinakaa kwenye meza moja wiki tatu au nne, kwa hiyo mshahara wa kwanza ulikuwa unaruka mwezi. Kijana aliyepanga chumba Mbagala na kula kwa mkopo kwa mama ntilie hawezi kusubiri siku sitini. Tukaondoa fomu kwenye ile meza, na wengi wakabaki.

Lakini nisingeijua hiyo meza kama sikuwahi kukaa ofisini. Uzamili ulinipa macho ya kusoma takwimu. Mahali pa kuzitafuta nilionyeshwa na yule mama wa masjala.

Niwaeleze alivyonifundisha, kwa sababu nadhani wengi wenu mmesahau ilivyokuwa siku mlipoanza. Masjala ya lile shirika ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, dirisha moja, feni inayozunguka polepole, makabati ya chuma yenye majalada ya rangi ya kaki. Siku ya kwanza alinipa jalada moja nene akaniambia nilisome kama ninavyosoma kitabu, kuanzia nyuma. Kila karatasi ilikuwa na namba pembeni juu, kwa wino mwekundu: folio ya kwanza barua ya maombi, ya pili vyeti, ya tatu barua ya ajira, na kuendelea hadi likizo, mikopo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, onyo la kwanza, barua ya kuomba radhi. Akasema, "Mtu akifa, akifukuzwa au akistaafu, hili ndilo litakalosema kwa niaba yake. Ukipoteza folio moja umemnyang'anya mtu ushahidi."

Wiki ya tatu nilitumwa nitoe nakala za jalada la fundi mitambo aliyekuwa ameachishwa kazi kwa kuiba dizeli na kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako sheria inampa aliyeachishwa siku 30 za kufungua mgogoro. Ushahidi wa wizi ulikuwapo. Nilikuwa nageuza karatasi na kuzilaza kwenye mashine nilipomwona yule mama amesimama nyuma yangu na daftari la kusainia barua, lile ambalo watu wa ofisini wanaliita dispachi. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Fundi alikuwa amesaini kupokea wito wa kikao cha nidhamu Jumanne saa 10 jioni. Kikao kilikaa Jumatano saa 3 asubuhi. Akaniuliza, "Wewe msomi, hesabu saa." Nikahesabu: kumi na saba. Kanuni ya 13 ya zile Kanuni za Utendaji Bora inasema muda wa kujiandaa, kwa kawaida, usipungue saa 48.

Yule mama aliwaambia wakubwa kabla ya kikao. Aliwaambia mara mbili. Hakusikilizwa, maana yeye ni wa masjala. Shirika lilishindwa kwa sababu ya utaratibu, likaamriwa kumlipa mtu ambaye kila mmoja pale aliamini ameiba. Katika ofisi ile kulikuwa na watu watatu wenye shahada, mimi nikiwa wa nne, na hakuna kati yetu aliyewahi kuambiwa chuoni kwamba kesi za kazi hupotea kwenye daftari la dispachi.

Niliyoyapata baadaye yalikuwa ya aina hiyo hiyo. Kuandaa mishahara na kujua kwamba kodi ya wafanyakazi lazima ifike TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, hata kama mkurugenzi yuko safarini na hajasaini. Kujua kwamba mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa nusu, na kwamba mwajiri asiyeupeleka anamwibia mzee wa kesho. Kumweleza kijana aliyeajiriwa juzi kwa nini Bodi ya Mikopo imemkata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, nikiwa na karatasi yangu mwenyewe ya mshahara yenye makato hayo hayo. Kukaa na mama aliyejifungua mapacha na kumwambia kwamba haki yake ni siku 100, si 84, wakati msimamizi wake amesimama mlangoni anauliza atarudi lini. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji miaka mitano kujifunza. Linahitaji kiti, jalada na mtu mzima wa kukusahihisha.

Tuangalie fani nyingine. Daktari akimaliza masomo hupelekwa hospitali mwaka mzima afanye kazi chini ya wakubwa zake kabla ya kuachiwa wagonjwa. Mwanasheria hupita Shule ya Sheria kabla ya kuapishwa kuwa wakili. Mhasibu ana mitihani ya NBAA. Wenzetu wa hoteli walishakaa na Chuo cha Taifa cha Utalii wakaanzisha uanagenzi ambao mwanafunzi anagawa muda wake kati ya darasa na hoteli. Jirani zetu Kenya walitunga sheria ya wataalamu wa rasilimali watu mwaka 2012, na taaluma yao ina mitihani na chombo cha kuisimamia. Sisi tunaoshika ajira za watu, mishahara yao, nidhamu yao na kuachishwa kwao, tunatoka kwenye mahafali tukiwa na joho na kuingia mtaani, na hakuna aliyetuandalia mwaka wa kushikwa mkono.

Haikuwa hivi zamani. Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, na waliopelekwa pale walikuwa machifu, madiwani na makarani wa mahakama, watu waliokuwa na kazi tayari. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Mafunzo ya utawala katika nchi hii yalizaliwa kwa ajili ya mtu mwenye meza ya kurudia. Anasoma asubuhi anachokumbuka kilimshinda mwezi uliopita, na akirudi kazini anakijaribu. Sasa tumempokea kijana ambaye hajawahi kuwa na meza, tukampa masomo yale yale, tukamwachia atafute meza mwenyewe.

Mnajua pia jinsi wanaotafuta kazi walivyo wengi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili, nafasi 70, wakajitokeza zaidi ya 10,000, ikabidi wapelekwe Uwanja wa Taifa. Picha za vijana waliokaa kwenye viti vya uwanja wameshika bahasha zilienea nchi nzima. Najua kwamba sharti la uzoefu ni njia mojawapo ya kupunguza mafuriko hayo. Nalijua kwa sababu nililiandika mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kazini niliambiwa niandae tangazo la msaidizi wa ofisi yetu. Nikafungua tangazo la zamani, nikabadili tarehe, nikaacha "uzoefu usiopungua miaka mitano" palepale ulipokuwa. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza fomu za likizo, kuhuisha kumbukumbu na kuandaa orodha za michango. Mtu mwenye akili zake anafundishwa miezi mitatu, anaiweza. Maombi yalijaza maboksi mawili. Nilipokuwa nachuja nikakuta barua ya binti aliyemaliza uzamili mwaka uliotangulia, barua safi, imepangwa vizuri, isiyo na kosa hata moja la tahajia. Nikaiweka kwenye boksi la waliokosa sifa. Sifa aliyoikosa niliiweka mimi, kwa kunakili. Sikumjibu. Sijui yuko wapi, na barua yake siwezi kuisahau.

Ndiyo maana nasema uzoefu mnaoudai uko mezani kwenu. Haupatikani maktaba wala stationari ambako kijana anatoa nakala za vyeti na kulipia muhuri wa wakili. Upo kwenye majalada yenu, vikao vyenu vya nidhamu, mishahara yenu ya mwisho wa mwezi. Nyinyi ndio mnaoushika, na nyinyi ndio mnaomfukuza asiye nao. Mhandisi akikosa nafasi anaweza kulalamika kwamba watu wa rasilimali watu hawamwelewi. Sisi tunafungiwa na watu wa fani yetu wenyewe.

Wengine mtaniambia, mbona tunawapokea wanaojitolea? Ni kweli, na mimi ni mmoja wao, nashukuru. Lakini tuseme ukweli kuhusu kujitolea kulivyogeuka. Kuna vijana wamekaa ofisi moja miaka miwili, wanaingia saa 2 na kutoka saa 11, wana meza na funguo za kabati, wanafanya kazi ambayo zamani ilikuwa na mtu wa kulipwa, na mwisho wa mwezi hawapewi hata nauli. Hawana mkataba, hawana bima, na wakiondoka wanapewa barua ya mistari mitatu. Nyinyi mnaijua Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kifungu cha 61 kinasema mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, au aliyemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi. Yule kijana anazimaliza wiki ya kwanza. Idara ambayo kazi yake ni kuwafundisha wengine sheria za kazi haiwezi kuwa ya kwanza kuivunja sheria hiyo.

Kuna la kusema pia kwa niaba ya mabinti. Binti asiye na kazi, mwenye shahada mbili na deni la kikoba cha mama yake, akiambiwa "njoo tuzungumze jioni kuhusu nafasi yako", anajua anachoambiwa. Mimi niliambiwa, na ofisi hiyo siitaji. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinakiita kitendo hicho kosa la jinai. Pale ambapo nafasi hazitangazwi, mafunzo hayana utaratibu na kila kitu kinategemea huruma ya mtu mmoja mwenye ufunguo, mwenye tabia hiyo hupata pa kujificha. Utaratibu ulioandikwa unamlinda binti huyo kuliko semina kumi.

Ninachoomba si kikubwa. Kila idara yenye watu watatu au zaidi iweke nafasi moja kila mwaka ya mhitimu wa fani yetu, miezi 12, kwa mkataba ulioandikwa, posho ya kumtosha nauli na chakula, na jina la mtu mmoja anayewajibika kumfundisha. Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, ina mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Utumieni, au tengenezeni wenu. Mwanzisheni masjala, msimrushe, hata kama ana uzamili. Akae miezi miwili na majalada. Ahamie kwenye mishahara mpaka aandae mwezi mzima bila kushikwa mkono. Aandike kumbukumbu za kikao cha nidhamu akiwa amekaa pembeni kimya. Aende na afisa wenu Tume ya Usuluhishi asikie mwajiri anavyoulizwa maswali. Na mwaka ukiisha, mwandikieni barua inayoeleza alichofanya, na nyinyi nyote mkubaliane kwamba mwaka huo unahesabika kuwa uzoefu kwenye matangazo yenu. Hili la mwisho halihitaji hata shilingi moja.

Najua mtasema kuhusu siri. Majalada ya watumishi ni ya siri, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tumekuwa waangalifu zaidi, inavyopasa. Lakini daktari aliye kwenye mwaka wake wa mafunzo anaona ugonjwa wa mgonjwa, na karani mpya wa benki anaona salio la mteja. Wanafundishwa kutunza siri, wanasaini, wanasimamiwa. Kijana atakayeshika siri za wafanyakazi maisha yake yote ajifunze kuzitunza akiwa bado chini ya jicho lenu.

Mtasema pia kwamba ukimfundisha anaondoka. Ataondoka, ndiyo. Ataenda kwa mwenzako wa Mwanza, na wa Arusha atakuja kwako akiwa amefundishwa na mwingine. Mimi nilifundishwa na shirika moja, nafanyia kazi kiwanda kingine, na hakuna aliyeibiwa.

Walimu wetu wa vyuo vikuu, nina neno moja nanyi. Darasa langu la uzamili lilikuwa la jioni. Mbele walikaa wafanyakazi wenye vitambulisho vya kazi bado shingoni, nyuma tulikaa sisi tuliotoka shahada ya kwanza moja kwa moja. Mstari mmoja mbele yangu, kwa miaka miwili, alikaa meneja wa rasilimali watu wa benki. Tulisalimiana. Tulifanya kazi ya kikundi moja, yeye akachangia fedha ya kuchapa, sisi tukaandika. Hakuna mwalimu aliyesema, mchukue huyu ofisini kwako wiki mbili wakati wa likizo, na hiyo ndiyo itakuwa kazi yenu ya muhula. Mimi sikuthubutu kuomba. Waunganisheni. Watu wote mnao tayari chumba kimoja.

Wakuu wangu, mahafali ya vyuo vingi huwa Novemba na Desemba, na maombi huanza kumiminika ofisini kwenu Januari. Baadhi ya maombi hayo yatakuwa ya watu wenye uzamili wa fani yetu ambao hawajawahi kushika jalada la mtumishi. Nawaombeni, kabla ya mwezi huo kufika, fungueni tangazo lenu la mwisho la nafasi ya kuanzia, msome mstari wa uzoefu, na mjiulize kama kazi hiyo inauhitaji kweli. Kama hauhitajiki, ufuteni. Kisha ongezeni kiti kimoja.

Wenu katika kazi,
Afisa Rasilimali Watu
Dar es Salaam